Kitufe cha Mbele

Birongo,
Jumatatu, 15 Juni 2026.

Kwa dada yangu mpendwa Gesare,

Kabla ya salamu, kaa vizuri kwenye kiti, maana unasoma barua ya mtu mashuhuri. Tangu Mungu aumbe vilima vya Gusii na kuvijaza migomba, hajazaliwa mtu mwingine upande huu wa Birongo aliyeandika barua bila wino, bila karatasi, na ambayo mwenye macho akiitazama anaona kizunguzungu. Ni mimi wa kwanza. Nimeiandika kwa vidole viwili vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto, na kompyuta ikanyenyekea mbele yangu kama ndama aliyeonyeshwa chumvi. Chifu hawezi. Pasta hawezi. Huyo Mose wa darasa lenu aliyekuwekea mashine mapajani anaweza, lakini ni kwa sababu naye ni kipofu, na nimemwapisha asisome hata mstari. Mose, kama bado vidole vyako viko hapa, vitoe, umpe mwenyewe.

Sasa salamu. Hujambo, dada? Baridi ya huko shuleni Nyaramba inawatendaje? Kile kikohozi kilichokuwa kinakusumbua Pasaka kimekwisha, au bado unawanyima wenzako usingizi bwenini? Huku nyumbani sisi ni wazima. Mama analalamika goti, lakini akiona mbuzi wa jirani kwenye mboga zake za chinsaga hilo goti linapona hapo hapo. Mzee hajambo, anachuma majani chai na kutupa lawama. Ng'ombe amezaa dume, jambo lililomkasirisha Mama kana kwamba ni mimi niliyeshauriana na ng'ombe. Magoha, yule mbwa, bado anakungoja langoni siku za shule kufungwa, hata zisipofungwa.

Ninaandika kwa Kiswahili cha darasani ili ujue kwamba vile vidato viwili nilivyosoma havikumwagika njiani. Wewe hupenda kuwaambia watu ati nilifukuzwa na hesabu. Si kweli. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake.

Najua umeshangaa kwa nini sikupiga simu, wala kukuita pembeni Jumapili ninapokuja shuleni kwenu. Zamani barua ikija shuleni kwenu wewe husomewa na mwalimu au mpishi, na simu hupokelewa ofisini watu wote wakiwa wametega masikio. Hii hakuna wa kukusomea. Ni mara ya kwanza ninakwambia jambo na hakuna mtu wa tatu. Tena kwenye simu, au tukikaa pamoja, wewe hunisikia sauti. Tangu macho yako yalipokwisha ukiwa darasa la tatu, ukachelewa shule mpaka mimi mdogo wako nikakupita, umekuwa ukinisoma kwa sauti kama daktari na kile kipima moyo chake. Nikisema nimeosha miguu, unaniambia rudi ukaoshe. Kwa hiyo leo nimekuja bila sauti.

Kilichonifanya niandike ni Mama. Sabato iliyopita tulipotoka kanisani alinikalisha jikoni, akanimiminia chai kutoka kwa ile flaski, akaniambia kwamba umetuma neno: muhula huu ukiisha, umemaliza na shule. Ati utarudi nyumbani, na yeye akutafutie mashine ya kufuma sweta kama ile ya mama wa Nyakoe. Alipokuuliza sababu ulimwambia kwamba mtu aliyeharibu vitabu vya darasa zima hana haki ya kukalia kiti humo. Mama aliyasema hayo bila kulia, lakini alimimina chai mpaka kikombe kikafurika na akaendelea kumimina. Nilimwambia, Mama, kikombe. Akanijibu kwamba ananiona mimi ndiye niliyeelimika katika mambo ya mashine, kwa hiyo niongee na wewe, maana mimi utanisikiliza.

Dada, ninyi ndio kidato cha tatu cha mwisho cha mfumo wa zamani. Nyuma yenu hakuna darasa. Ukitoka sasa ukajuta mwaka ujao, hutapata hata wa kurudia nao. Unalijua hilo vizuri kuliko mimi, na bado ulituma neno lile. Ndipo nikajua mambo yamefika mfupani.

Basi niruhusu nianze mbali kidogo. Wewe endelea kubonyeza kile kitufe cha mbele, mimi niko nyuma yako.

Unakumbuka vile vitabu vya karatasi mlivyokuwa mkisomea mwanzoni? Kitabu kimoja cha Kemia ambacho mwenye macho anakibeba kwapani, chenu cha breli kilikuwa vitabu tisa vinene kama matofali, na cha nne kilikuwa kimepotea kabla hata hamjaandikishwa shule. Mlikuwa wanafunzi sita kwa seti moja. Ulikuwa unanitania kwamba unaijua Kemia yote isipokuwa sehemu ambayo mambo hulipuka. Halafu ikaja hiyo mashine, yenye nukta zinazoinuka na kushuka chini ya vidole, na kadi ndogo kama ukucha inayobeba vitabu vyote. Na ndani ya hiyo kadi kulikuwa na kazi ya Mwalimu Damaris.

Mwalimu Damaris, ambaye haoni kama wewe, alifanya kazi hiyo miaka miwili. Walimu wenzake walimsomea vitabu saa za chai, yeye akachapa, akageuza ikawa nukta, kisha akapitisha vidole juu ya kila mstari. Kemia, Biolojia, Fizikia. Ulinihadithia mwenyewe vile siku ya kwanza mlipofungua Biolojia mlinyamaza wote sita mpaka mpishi akaja kuangalia kama mmelala.

Kisha Julai ya mwaka jana stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, ikaua laptopu ya Mwalimu. Ikabaki kadi peke yake. Mwalimu akakuita, akakukabidhi mashine na kadi uende nazo likizo ya Agosti, akakuagiza upite Nyakoe kwa ndugu yako anayefanya kazi dukani kwa Sylvanus, ndugu ambaye jina lake lilikuwa limevuma mpaka Nyamira, akutolee nakala. Na jina lilivumishwa na nani? Na mimi. Kibao cha duka ni Sylvanus aliyekipaka rangi, lakini maneno DAKTARI WA KADI NA SIMU ni yangu.

Ulikuja ukaketi kwenye kreti ya soda, nikachukua kadi, nikakurudishia. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, mkaweka kadi kwenye mashine mbele ya darasa, na nukta hazikuinuka. Hakukuwa na Kemia, hakukuwa na Biolojia, hakukuwa na kitu. Miaka miwili ya Mwalimu ilikuwa imekwenda. Ikasemekana ni Gesare aliyebonyeza vibaya nyumbani akafuta. Mwalimu, kwa upole wake, aliwaambia wenzako kwamba hata yeye amewahi kukosea. Wenzako hawana upole. Walikubandika jina la Kifutio. Kifutio, pitisha chumvi. Kifutio, usiguse kitanda changu kisipotee. Hata huyu Mose, ambaye leo ni rafiki wetu, aliniambia kwamba aliliita jina hilo muhula mzima na sasa linamkaa vibaya mdomoni. Ukarudi kwenye kibao na sindano ya kutobolea karatasi, mashine ukamwachia yeye, na ukaapa hutaigusa tena.

Septemba ile ile Mwalimu alipiga simu dukani akiuliza kama kuna kijana mwenye macho na subira wa kumsaidia Jumapili kuchapa vitabu upya, sasa kwa vile kuna kompyuta aliyoazimwa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Sylvanus alinitazama kama mtu aliyeona kuku akijitolea kuchinjwa.

Tangu siku hiyo sikukosa Jumapili hata moja, isipokuwa ile ya mazishi ya shangazi. Ninasoma kitabu kwa sauti na kuchapa, naye Mwalimu anapitisha vidole nyuma yangu. Kemia ya Kiingereza, dada! Kuna maneno humo yenye mkia mrefu kuliko mkia wa nyani. Siku ya kwanza nilitamka jina la chumvi fulani, Mwalimu akaniuliza kama nimepaliwa. Shida kubwa ilikuwa michoro, kwa maana kila picha lazima ielezwe kwa maneno. Picha ya kwanza nikaandika: chupa yenye tumbo la mzee wa kanisa na shingo ya bata aliyekasirika, inapikwa juu ya moto. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani yake ya giza kujipangusa, kisha akaniambia kwamba mtihani hautauliza habari za bata, niandike upya. Niliandika mara saba. Sasa mimi ni mtaalamu. Nipe picha yoyote, nitakueleza kushoto kwake, kulia kwake na kinachotoka juu. Kemia ya kidato cha tatu tumeimaliza wiki jana. Yote. Sehemu ya milipuko iko, ukurasa baada ya ukurasa, iko ndani ya kadi hii hii unayoishika. Fizikia tuko katikati.

Halafu ikaja ile siku ya wazazi, mwezi wa tatu. Unaikumbuka, ulikuwa umeketi safu ya mbele na Mama. Waliniita mbele. Mwalimu Damaris akasema kwamba vijana wengi wa umri wangu Jumapili huwa sokoni kutazama wasichana, lakini huyu, akasema, hakuombwa mara mbili. Akaniita mwana wa kipekee. Nikapewa flaski yenye utepe mwekundu. Watu wakapiga makofi, na mimi, unavyonijua, nikapunga mkono kama mheshimiwa.

Wewe pia ulipiga makofi. Nilikuona. Baadaye ulinitafuta kwa kuuliza watu, ukanishika mkono nyuma ya tangi la maji, ukasema polepole, kwa Kigusii ili wengine wasisikie, kwamba unanishukuru kwa kurekebisha kosa lako. Kosa lako. Ulisema hivyo. Nami nilikujibu kwa kukuuliza kama umekula.

Tangu siku hiyo flaski iko kwenye meza nyumbani na kila mgeni anamiminiwa chai pamoja na hadithi yake. Mama anaijua yote, mpaka rangi ya utepe. Mimi siku hizi nikiona mgeni anakuja, nakwenda kukata majani ya ng'ombe. Ndiyo maana huyo ng'ombe amenenepa.

Nafikiri nimeeleza ya kutosha. Mama anakusalimu, anasema uvae ile sweta ya kijani. Mzee anakusalimu. Sylvanus anakusalimu na anasema kiti chako cha kreti bado kipo. Msalimie Mwalimu, na mpishi, na wote bwenini hata wale wenye midomo. Mungu akulinde.

Ona, nimemaliza salamu na bado sijasema kilichonileta. Ningekuwa kwenye simu ningekuwa nimekata zamani.

Dada, turudi ile siku ya Agosti, pale kwenye kreti ya soda.

Pale dukani tuna desturi. Kadi yoyote ikiingia kutoka nje, kabla ya kufanya lolote tunaikagua, maana mwaka mmoja kuna mtu wa Keroka alituletea kadi yenye virusi, ikala nyimbo zote za Sylvanus, kwaya tatu nzima na mahubiri. Nilipofungua kadi yako nikabonyeza faili ya kwanza. Badala ya kitabu nikaona takataka: koma mbili, herufi moja, mabano, nambari, alama ya mshangao, tena koma, ukurasa mzima namna hiyo. Faili ya pili hivyo hivyo. Nimeziona kadi zilizoharibiwa na virusi, huwa na sura hiyo hiyo. Nikamwita Sylvanus, naye alikuwa mlangoni akinyolewa ndevu, akageuza jicho moja tu akasema safisha. Nikasafisha. Nilifomati kadi yote kwa kubonyeza mara mbili, nikijivuna kwamba nimewaokoa.

Ndipo nikatafuta vitabu nivitolee nakala. Hakukuwa na vitabu.

Wewe ulikuwa umeketi hatua mbili kutoka kwangu, ukila ndizi, ukaniuliza kama nimemaliza kutoa nakala. Unakumbuka kwamba wakati huo spika ya duka iliimba ghafla kwa nguvu mpaka ukaziba sikio? Haikuimba yenyewe. Niliipandisha mimi, kusudi usisikie sauti yangu nikikujibu ndiyo.

Likizo ile hukuifungua mashine. Ulisema unaogopa kuitumia nyumbani kwenye moshi na kuku, ungoje shule. Nilishukuru Mungu kwa hilo, fikiria, nilisali sala ya namna hiyo. Kila siku nilijiambia kesho nitamweleza. Usiku nilijitetea kwamba virusi ndivyo vilivyokuwa vimevila vitabu kabla yangu, na mimi nilivizika tu. Utetezi huo nilikaa nao mpaka Jumapili ya kwanza kwa Mwalimu Damaris. Nilichapa ukurasa mmoja wa Kemia, akaugeuza kuwa nukta, nami nikatazama skrini. Koma mbili, herufi moja, mabano, nambari, alama ya mshangao. Nikamuuliza hiyo takataka ni nini. Akaniambia kwamba ni ule ukurasa wangu, hivyo ndivyo mashine inavyoyahifadhi maandishi ya breli, na mwenye macho asiyejua anaweza kudhani yameharibika. Alikuwa anacheka. Niliomba ruhusa nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, pale pale uliponishukuru baadaye.

Kumbe ile kadi ilikuwa nzima. Vitabu vyote vilikuwa vinanitazama, na mimi daktari nikavisafisha.

Nilimwacha Mwalimu acheke. Nilichukua flaski. Nilikaa Jumapili zaidi ya thelathini mezani kwake na sikusema, nikidhani nikichapa kurasa za kutosha zitafika mahali zifunike. Hazifuniki. Mwezi uliopita nilipiga simu shuleni nikasikia mtu nyuma yako akisema Kifutio, simu yako.

Sasa nisikilize. Mashine yako inainua herufi ishirini kwa mara moja. Nimepiga hesabu, ile niliyoachana nayo, nimeirudia kuiomba msamaha. Tangu salamu za kwanza mpaka hapa umebonyeza kitufe cha mbele zaidi ya mara mia sita. Umeigusa mashine, vidole vyako mwenyewe, mara mia sita. Hebu rudi nyuma ukaangalie kama Magoha amefutika langoni. Angalia kama Kemia haipo. Vipo vyote.

Ukimaliza, mrudishie Mose mashine umwambie kiapo kimekwisha, asome yote, awape na wale wanne waliobaki, kila mtu kwa vidole vyake. Jumapili ijayo nitakuja asubuhi na flaski mkononi, nimweleze Mwalimu mwenyewe kabla hajaanza kunisifu. Akinifukuza nitamwomba aniache nimalize Fizikia kwanza. Mama nitamwambia leo jioni. Wewe kaa kwenye kiti chako.

Na lile moja lililo baya kuliko yote halikuwa kadi. Kadi ilifutwa na mjinga, na ujinga naweza kuubeba. Siku ile Mwalimu aliponipigia simu mara ya kwanza, kadi ilipoonekana tupu, wateja wamejaa dukani na kibao changu juu ya kichwa changu, aliniuliza kwa upole kama huenda kuna kitu kilitokea kwangu. Nilimjibu kwamba nakala nilitoa vizuri, labda ni vidole vya Gesare. Nilijua si vyako. Nilisema hivyo nikijua.

Ni mimi, mdogo wako,
Nyabuto,
Kifutio.